"Freni zimekatika": somo kutoka mashindano ya gari za dola 500

Kijana mmoja alitutumia sauti kwenye WhatsApp ya radio. Unasikia motere ikinguruma nyuma yake, bila shaka alikuwa garajini. Aliuliza hivi: "Ninyi wa radio mutuelezee. Kule Marekani watu wanachukua gari ya kutupa, ya dola 500, wanaikimbiza siku nzima kwenye kiwanja, jioni wanarudi kwao. Sisi huku tunapanda gari inang'aa, tunakufa kwenye mteremko. Ni nini?"

Tulipoipitisha sauti yake katika kipindi cha asubuhi, watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshapanda gari moja ya hizo zinazong'aa.

Ilikuwa ni kushuka Ngomo, toka Bukavu kwenda Kamanyola. Gari ndogo ya watu saba, tulikuwa kumi. Janti mpya, spika mbili kubwa nyuma, rezori zimekatwa ili gari ikae chini kama ya vijana wa video. Katikati ya mteremko tukasikia harufu, kama kitambaa chenye mafuta kinaungua. Mama mmoja akasema: "Papa shofere, kuna kitu kinaungua." Papa shofere akajibu ni lori iliyo mbele yetu. Kona ya pili akakanyaga freni, pedali ikaingia mpaka chini. Akapampu mara tatu, nne, hakuna kitu. Aliiegemeza gari kwenye ukuta wa mlima, ikajikwaruza mita nyingi ndipo ikasimama. Hakuna aliyekufa. Mtoto wa yule mama alipasuka paji la uso, nguo yote ikaloa damu.

Sasa ndiyo jambo lenyewe. Tulikaa pale karibu saa nzima. Papa shofere alirudi ndani, akakanyaga, pedali ikawa ngumu kama kawaida. Akaita: "Njooni, freni imerudi!" Wengine wakaanza kuomba, wengine wakasema ni watu wabaya, kuna aliyetajwa mpaka jina. Mimi nilishuka kwa moto. Baadaye nilisikia fundi wa Kamanyola aliiangalia gari ile, hakuona mafuta yanayovuja, hakuona bomba lililokatika, akasema freni nzima. Ikaendelea na safari siku ileile, na abiria wengine ndani.

Kila mara ajali ikitokea, habari inayotufikia redaksioni ni maneno mawili: freni zimekatika. Tunayasoma hewani na sisi, tunapita kwenye habari nyingine. Lakini freni za gari ile hazikukatika. Mafuta yake yalichemka.

Ndani ya bomba za freni kuna mafuta ambayo kazi yake ni moja: kupeleka nguvu ya mguu mpaka kwenye magurudumu. Yanaweza kwa sababu maji-maji hayabanwi. Ila yakipata moto sana yanachemka kama maji ya chai, yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa. Mguu unasukuma, mvuke unajikunja, plaketi hazishiki disiki. Ukisubiri yapoe, mvuke unarudi kuwa mafuta, pedali inakuwa ngumu tena. Ndiyo maana fundi hakuona kitu. Ushahidi ulikuwa umeshapoa.

Tena mafuta hayo yanakunywa maji. Chupa ikikaa wazi, gari ikikaa miaka bila kubadilishiwa, unyevu wa hewa unaingia polepole. Kwenye chupa wanaandika DOT 3 au DOT 4. DOT 4 ikiwa mpya inapaswa kuvumilia mpaka digrii 230 bila kuchemka. Ikishakunywa maji kidogo tu, hata asilimia nne haifiki, kiwango kinachodaiwa kinashuka mpaka 155. DOT 3 inaanza kwa 205, inashuka mpaka 140. Gari za okaze tunazonunua huku zimekaa bandarini, zimekaa ndani ya meli, zimepita mikononi mwa watu watatu. Nani aliwahi kumwaga mafuta ya freni? Tunaongeza tu juu yanapopungua.

Watu wanaopeleka gari zao za kawaida kwenye viwanja vya mbio wanayajua haya kama sisi tunavyojua bei ya unga. Kule Marekani, Uingereza, Ufaransa, mtu mwenye kazi yake ya ofisi anaweza kulipa siku moja kwenye kiwanja cha mbio, barabara yenye kona za kushoto na kuume, akaingia na gari yake aliyoitengeneza mwenyewe. Mara nyingi si mashindano hata kidogo, hakuna kombe. Mgeni anawekewa mwalimu pembeni. Kumpita mwenzako ni sehemu ya barabara iliyonyooka tu, na mpaka yule wa mbele anyooshe mkono kukuonyesha upande wa kupita. (Hebu jaribuni hiyo na madereva wetu wa taksi.)

Kabla ya kuingia, kuna ukaguzi. Mtu wa kilabu anafungua kapo. Anaangalia kama betri imefungwa isitembee, kama kuna mafuta yanavuja. Anashika gurudumu anatikisa, juu na chini, kushoto na kuume, kusikia kama kuna kucheza. Anakanyaga freni. Anaangalia unene wa plaketi, pine kama hazijapasuka, mikaba, kaske. Vilabu vingi vinadai mafuta ya freni yawe yamebadilishwa miezi michache tu iliyopita. Halafu wanakuambia toa kila kitu ndani: kapeti ya chini, jeki, chupa ya maji. Chupa ndogo ikijiviringisha ikaingia chini ya pedali, yatosha kuua. Nikakumbuka taksi zetu, bidoni ya mafuta ya mawese kati ya miguu ya shofere na kuku wawili wamefungwa pembeni.

Dereva wa siku hizo akitaka kutumia franka yake vizuri, haanzi na motere. Mambo ya nguvu za motere ndiyo yanapendeza kwenye video, lakini wazee wa mchezo huo wanawaambia wageni jambo lilelile: anza na freni, pine, na mafundisho ya kuendesha. Mafuta mapya ya freni, hewa yote itolewe ndani ya bomba. Plaketi zinazovumilia moto. Wengine wanatengeneza njia ya upepo kutoka mbele ya gari mpaka kwenye disiki. Nati za magurudumu zinafungwa kwa funguo inayopima nguvu, zinarudiwa baada ya mizunguko ya kwanza. Na kabla ya kutoka, wanafanya mzunguko mmoja wa polepole bila kukanyaga freni sana, ili zipoe. Ukishasimama huvuti freni ya mkono, maana disiki bado ni moto.

Turudi kwa gari za dola 500 za yule kijana. Ni kweli zipo. Mashindano yanaitwa 24 Hours of LeMons, yalianza 2006 kule California, kwenye kiwanja cha Altamont, na aliyeyaanzisha ni Jay Lamm, mwandishi wa habari za magari. Jina ni mzaha juu ya mashindano makubwa ya Ufaransa, Le Mans, ya tangu 1923. Sheria yao ya msingi: gari isizidi dola 500, pamoja na yote uliyoiongezea. Waamuzi wanakaa mezani, unawaonyesha gari, unawaeleza ulilipa nini. Wakiona unadanganya, wanakukata mzunguko mmoja kwa kila dola 10 uliyozidisha. Wenyewe wana haki hata ya kuinunua gari yako kwa dola 500. Na zawadi yao kubwa haiendi kwa aliye wa kwanza, inaenda kwa gari mbovu kabisa iliyofanya zaidi ya ilivyotarajiwa.

Lakini kuna kitu yule kijana hakukiona kwenye video, na ndicho jibu la swali lake. Katika zile dola 500, freni hazihesabiwi. Pine hazihesabiwi, magurudumu hayahesabiwi. Kiti cha dereva, mikaba, vyuma vinavyozuia paa lisibonyee gari ikipinduka, vifaa vya moto: vyote viko nje ya hesabu, na kama huna vile vya usalama huingii. Kwa hiyo gari ile "ya kutupa" ina motere ya dola mia, lakini freni zake na vyuma vyake vinaweza kuwa vya dola elfu mbili tatu. Wameandika sheria ambayo haimpi mtu sababu ya kubana pesa kwenye kitu kinachosimamisha gari. Bana popote unapotaka, pale hapana.

Sisi tumeandika sheria ya kinyume, ingawa haiko kwenye karatasi. Mwenye taksi ana "verse" ya kupokea kila jioni. Shofere ana kinachobaki. Abiria anachagua gari kwa macho na kwa masikio: janti, rangi, muziki. Kwenye vizuizi kinachoombwa ni karatasi, na karatasi haikanyagi pedali. Katika watu hao wote, hakuna anayefaidika siku ileile kwa mafuta mapya ya freni. Chupa ile bei yake haifiki hata ya spika moja. Si umaskini peke yake basi. Pesa ipo, inapita mlango mwingine.

Wengine wataniambia: kiwanja cha mbio ni mambo ya wazungu, sisi hatukimbii hivyo. Tupige hesabu kidogo, ile ya fizikia ya sekondari. Kusimamisha gari inayokwenda kilomita 120 kwa saa kunatoa moto fulani kwenye freni. Kushuka mlima wa urefu wa mita 500 bila kuongeza mwendo, kama freni peke yake ndiyo inashikilia, kunatoa moto ule karibu mara tisa. Uzito wa gari haubadilishi hesabu hii. Ziwa Kivu liko kwenye mita kama 1460, Tanganyika kwenye mita kama 770. Yaani anayetoka Bukavu kwenda Uvira anashuka karibu mita 700 toka ziwa mpaka ziwa, na sehemu kubwa anaimalizia Ngomo. Wa kaskazini wanaijua Kabasha. Dereva wa kiwanja, baada ya kila freni kubwa, anapata barabara iliyonyooka na upepo wa kupooza disiki. Papa shofere wetu anashuka polepole, bila upepo, mguu juu ya freni dakika ishirini, watu kumi ndani. Freni zetu zinafanya kazi ya kiwanja kila siku. Tunazitunza kama za mtu anayeenda kanisani Jumapili.

Kuna msaada wa bure, nao ni motere. Ukishuka na vitesi ya pili, motere inashikilia gari na freni inapumzika. Lakini madereva wengi wanafanya kinyume: wanatoa vitesi, wengine wanazima na motere, ili kubana mafuta. Motere ikizimwa, ile nguvu inayosaidia mguu kwenye pedali inaisha baada ya kukanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa nzito kama jiwe. Unaokoa nusu lita, unabaki na mguu wako peke yake.

Siwezi kumaliza bila kugusa volani. Huku tunapita upande wa kuume wa barabara, na gari nyingi za okaze zinatoka Japani na volani iko kuume pia. Mafundi wetu wanaihamisha kwenda kushoto, na nawavulia kofia kwa ujuzi, wanafanya kwa shinyo na misumeno kazi ambayo wengine wangehitaji mashine. Lakini hapo ndipo mkaguzi wa kiwanja angeanza: angetikisa volani asikie kama inacheza, angelala chini kuangalia kila mahali palipochomelewa. Kuna gari ambazo pedali ya freni ilihamia kushoto lakini pampu yake ilibaki kuume, vinaunganishwa kwa chuma kirefu chini ya dashibodi. Chuma hicho kikipinda kidogo, nguvu ya mguu inapotea njiani. Nani anakirudia kukiangalia baada ya mwaka? Mteja akishalipa, harudi mpaka siku imeharibika.

Kuhusu vijana wanaokimbizana usiku mjini, nitasema machache. Kwa majirani kuna rali, Kenya, Uganda, Rwanda, na vijana wetu wanaziangalia. Kwetu hakuna mahali palipofungwa kwa ajili hiyo, basi wanatumia barabara ambayo mama anavuka na beseni kichwani. Kuwatukana hewani tumeshafanya, haikusaidia. Pengine kuwaonyesha ule ukaguzi wa kapo wazi kungewaingia zaidi, kwa kuwa vijana hao wanapenda gari kuliko sisi sote.

Abiria naye ana anachoweza kufanya kwenye parking kabla gari haijajaa. Mwambie papa shofere, kwa heshima, akanyage freni kwa nguvu na ashikilie muda kidogo. Pedali ikishuka polepole yenyewe, pampu inapitisha. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani. Halafu afungue kapo muangalie kichupa cha mafuta ya freni. Mapya ni ya manjano ya maji-maji, yanapitisha mwanga.

Wiki iliyopita nilimwomba shofere mmoja. Alicheka, akaniita "bwana kontrolere", abiria wengine wakaanza kuguna kwamba nawachelewesha. Mzee mmoja aliyekaa mbele akasema: "Fungua tu, mwanangu, tuone." Akafungua. Mafuta yalikuwa meusi kama kahawa. Shofere akayaangalia muda mrefu, akauliza chupa inauzwa wapi.