UKURASA WA MWALIMU: Nyumba ikibomoka, je, imekwisha?

Mwezi huu naacha hesabu pembeni kidogo, kwa sababu kuna swali limenikaa kichwani.

Tulikuwa kwenye somo la historia, mwaka wa tano. Mtoto mmoja ambaye wazazi wake walitoka Jabe akanyoosha mkono: "Mwalimu, jirani amepiga simu, anasema nyumba yetu imeanguka yote, hata kuta. Sasa ni kama haikuwepo?" Darasa likanyamaza kimya. Si yeye peke yake mwenye habari kama hiyo. Hata mimi ni mtoto wa Jabe, na najua matofali mabichi yakikosa mtu wa kuziba bati linalovuja, mvua mbili tatu zinatosha.

Nilimjibu kwa kifupi kwamba hapana, nyumba haiishi hivyo. Leo nataka kueleza vizuri, maana wazee pia wana swali hilohilo ila hawalisemi.

Kuna watu ambao kazi yao ni kutafuta nyumba zilizokwisha kuanguka. Wanaitwa wanaakiolojia. Hawachimbi kwa pupa kama mtafuta dhahabu. Wanapima eneo kwa kamba, wanakwangua udongo kidogo kidogo kwa mwiko kama ule wa fundi mwashi, wanafagia kwa brashi, na kila walichokiona wanakiandika: kilikuwa kina gani, upande gani, karibu na nini. Udongo umelala tabaka juu ya tabaka, kama chapati kwenye sahani. Ya chini ndiyo ya kwanza.

(Najua kwa Mrundi neno "kuchimba" linaleta mawazo mengine. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja kule Karuzi, karibu na mto Ruvubu, na watu wakatambua nguo na rozari za ndugu zao. Hayo ni mazito, yana siku yake na wakubwa wake. Leo tunaongea nyumba.)

Twende kwanza pwani ya Kenya, karibu na Malindi. Huko kuna mji unaitwa Gedi. Ulikuwa na msikiti mkubwa, jumba la mtawala, visima, nyumba za mawe zenye bafu na choo ndani, na ukuta kuzunguka. Kaburi mojawapo limeandikwa tarehe ambayo kwa kalenda yetu ni mwaka 1399. Halafu, mwanzoni mwa karne ya 17, watu wakawa wamekwisha kuondoka. Wataalamu wanabishana sababu: wengine wanataja vita na mashambulizi, wengine wanasema maji ya visima yalishuka, na kweli kipo kisima kilichoongezwa kina. Mimi naona yote mawili yanaweza kumhamisha mtu, na sisi tuliopo hapa hatuhitaji kufundishwa hilo. Msitu ukaufunika mji. Wenyeji wa jirani waliendelea kupajua na kupaheshimu, wakasema pana mizimu.

Mwaka 1948 mtaalamu mmoja, James Kirkman, akaanza kuchimba pale, na kazi ikaendelea kwa miaka. Kitu kilichonifurahisha ni majina. Kwa kuwa mwenye nyumba hajulikani, kila nyumba iliitwa kwa kitu kilichopatikana ndani yake au kwa umbo lake. Kuna Nyumba ya Mkasi. Kuna Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Fikiria mama mmoja anaondoka haraka, anachukua watoto, mkasi anausahau. Miaka mia tatu na zaidi baadaye mkasi huo ndio unaipa nyumba jina. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka mji huo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Hapo mtu wa Jabe atasema: "Sawa mwalimu, lakini hizo ni nyumba za mawe. Yetu ni udongo."

Ndiyo maana napenda zaidi habari ya Shanga. Ni mji mwingine uliohamwa, uko kisiwa cha Pate, upande wa Lamu. Mark Horton na wenzake walichimba pale kuanzia 1980 mpaka 1988. Juu kulikuwa na magofu ya mawe, na gofu la msikiti wa mawe. Wakashuka chini ya sakafu ya msikiti. Chini yake wakakuta msikiti mwingine wa zamani zaidi, na mwingine tena, mpaka wakafika kwenye msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Mti wenyewe ulikuwa umeoza zamani sana. Waliujuaje basi? Kwa mashimo ya nguzo.

Jambo hili mtoto yeyote wa kambi anaweza kulielewa kuliko profesa. Umeshaona hema la turubai likihamishwa? Nguzo inang'olewa, shimo linabaki, linajaa vumbi, majivu, udongo laini. Hata ukisawazisha juu, chini udongo wa shimo una rangi yake, na ukiugusa ni laini kuliko wa pembeni. Nguzo ikiozea ndani ni hivyohivyo, inaacha duara jeusi. Mchimbaji anakwangua taratibu, anaona duara moja, la pili, la tatu, anayafuata kwa mstari mpaka yanakata kona. Hapo ameipata nyumba.

Na ndani ya nyumba, sakafu iliyokanyagwa na watu kila siku inakuwa ngumu, inatofautiana na udongo uliomwagika juu yake ukuta ulipoanguka. Mahali pa kupikia udongo umeungua ukawa mwekundu. Makaa yaliyobaki yanapelekwa maabara kupimwa umri: mti ukiwa hai unaingiza aina fulani ya kaboni, ukifa kaboni hiyo inapungua polepole kwa mwendo unaojulikana, nusu yake inatoweka kwa miaka kama 5,730. Choo cha shimo nacho, msicheke, ni hazina, kwa sababu watu hutupa humo vitu vingi.

Kwetu pia wamechimba. Wataalamu wa Kibelgiji, Van Grunderbeek, Roche na Doutrelepont, walichapisha mwaka 1983 kitabu juu ya tanuru za kale za kuyeyusha chuma Burundi na Rwanda. Nyingine zina zaidi ya miaka 1,500. Zilikuwa za udongo. Kilichobaki ni mashimo, makaa, vipande vya udongo uliochomwa na mavi ya chuma, na kwa hayo tu wamejua babu zetu walikuwa mafundi.

Kwa hiyo parseli ya Jabe yenye nyumba iliyoanguka bado ina nyumba ndani yake. Msingi upo. Pale mama alipokuwa akiweka imbabura kila siku pana alama. Vifuniko vya chupa, shanga, kijiko, gololi zilizoingia kwenye ufa, vyote vipo vinasubiri.

Sitaki kuwadanganya lakini. Udongo ukiondoka, kila kitu kimeondoka. Watu wa Buyenzi mnajua Ntahangwa unavyokula kingo: ukichukua ardhi pamoja na nyumba, hapo mchimbaji hana cha kufanya. Na mtu akija kuchimba msingi wa ghorofa, anachota historia yote kwa sepetu siku moja, inapakiwa kwenye lori.

Na kuna kitu kingine udongo hautunzi hata ukikaa salama. Rudini kwenye Nyumba ya Mkasi. Tunajua vyumba vyake, tunajua choo kiko wapi. Jina la mwenye mkasi hatulijui. Watoto wake walikuwa wangapi, nani alikaa upande wa pili wa ukuta, waligombana kwa nini, walicheka nini, hakuna mwiko unaofukua hayo. Katika kambi yetu hayo yote bado yapo kwenye vichwa vya watu walio hai. Lakini mwaka huu pekee tumezika wazee kadhaa, na watoto waliozaliwa huku hawajaiona Jabe hata siku moja.

Basi naomba kazi ifuatayo ifanyike nyumbani, siyo kwa wanafunzi wangu tu. Chukueni karatasi. Baba, mama au bibi aseme, mtoto achore nyumba mliyoiacha kama inavyoonekana ukiwa juu kama ndege: mlango uko wapi, nani alilala wapi, jiko, bomba, choo, mwembe kama ulikuwepo. Halafu majirani, kulia na kushoto na ng'ambo ya barabara, kwa majina. Nani aliijenga, mwaka gani. Mkibishana juu ya mlango, andikeni maneno ya wote wawili. Wenye nyumba nyingi, yaani waliokimbia zaidi ya mara moja, wachore zote. Mchoro huu si hati ya kiwanja na hauchukui nafasi yake. Karatasi zenu za serikali zitunzeni mbali na maji na panya.

Wasiojua kuandika waje Jumamosi baada ya saa nane kwenye darasa langu, tutawaandikia. Karatasi ninazo chache, kwa hiyo mwenye daftari la zamani lenye kurasa tupu mwisho alilete. Kwa wale wa Jabe nina ombi la ziada: nataka tuunganishe michoro yenu tupate avenyu moja nzima, nyumba kwa nyumba, kuanzia sokoni. Mpaka sasa ninazo nyumba nne, na ya tano wanabishana bado ilikuwa na milango mingapi.