Jikoni kwetu: bukari ya mama asiyekula mahindi

Wamama wapenzi, mapishi ya mandazi tuliyowaahidi yatangoje juma lijalo. Leo tunataka kusema juu ya mama mwenzetu mmoja wa kikundi, ambaye ametupa ruhusa tuandike habari yake, si jina lake.

Ana baridi yabisi, ule ugonjwa ambamo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Asubuhi vidole vinakaza, hata kifungo cha shati la mtoto hawezi kukifunga. Akasikia kwamba kuna namna ya kula ambayo mtu anaacha mahindi, mchele, ngano, maharagwe, karanga, mayai, maziwa, kahawa, tomati, pilipili, biringanya na viazi vya kizungu kwa majuma kadhaa, halafu anavirudisha kimoja kimoja ili ajue kipi kinamuumiza. Akaanza siku ileile. Na dawa akaacha.

Tulimsindikiza kwanza kwa munganga, akaanza tena dawa zake. Chakula hakishiki nafasi ya dawa, wamama. Mwaka 2017 waganga wa Marekani walijaribu mlo huu kwa watu 15 wenye ugonjwa wa matumbo, wengine wakiendelea na dawa zao. Juma la 6, watu 11 dalili zao zilikuwa zimetulia. Inatia moyo, lakini ni watu wachache, na hawakulinganishwa na wengine wanaokula kawaida. Mwenye mimba, mwenye kunyonyesha na mtoto wasijaribu bila munganga.

Lakini kilichotuuma zaidi kilikuwa pa kulia. Hapa Kasumbalesa, mtu ambaye hajagusa bukari anasema hajala, hata kama tumbo limejaa. Mwenzetu alikuwa anasonga bukari ya watu wote, kisha anakaa kando kwenye kiti chake na kiazi kitamu cha kuchemsha. Mtoto mdogo akauliza kama mama amekasirika. Mama mkwe akasema, "Chakula chetu kimekuwa uchafu?" Alikonda. Usiku alikuwa anakwangua ukoko wa chungu kwa siri, halafu analia.

Basi Jumamosi tulienda kwake tukapika chungu kimoja, cha mgonjwa na wazima pamoja.

Bukari tulisonga ya muhogo mtupu. Anayezoea mahindi atakosea hapa, na sisi batch ya kwanza ilitoka mabonge matupu. Unga wa muhogo hauanzi na uji. Maji yachemke sana, epua, mimina unga kwa mara moja, songa kwa nguvu mpaka ivutane. Na unga wenyewe uwe wa muhogo uliolowekwa vizuri, siku tatu ama nne mpaka ulainike, ndipo ukaanikwa. Wanaofupisha siku za kuloweka ili wauze upesi wanatuhatarisha. Ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu, ambao munganga Trolli aliuandika kule Kwango mwaka 1938, unatoka kwa muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, hasa pale watu wanapokula muhogo bila samaki wala nyama. Kwa hiyo bukari hii isiliwe na majani peke yake.

Mboga ilikuwa tilapia. Bila tomati mchuzi unaonekana umepungukiwa, ni kweli. Tulikaanga vitunguu vitatu katika mawese, polepole mpaka viwe rangi ya asali, tukaongeza kitunguu saumu, tangawizi, na karoti mbili zilizokwanguliwa. Karoti inaleta rangi na uzito, na ndimu moja mwishoni inaleta ule ukali wa tomati. Kile kidonge cha mchuzi cha dukani tulikiacha, maana mara nyingi kina mahindi ama soya ndani. Pembeni, sombe iliyotwangwa na kuchemshwa muda mrefu, bila karanga, na mawese ya kutosha. Pilipili tulisaga ikakaa katika kisahani chake, kila mtu ajitilie.

Mama mkwe alikula, akaomba tena, akauliza kwa nini sombe haina karanga. Tulimweleza. Akasema angeambiwa tangu mwanzo. Hapo tulinyamaza, maana ni kweli hakuna aliyemwambia.

Sasa jirani wawili wanapokezana kutwanga sombe, kwa sababu mchi mikono yake haiuwezi. Na katika daftari la shule anaandika kila siku alichokula na namna vidole vilivyoamka.

Jumamosi hii anatimiza juma la 6. Munganga amekubali aanze kurudisha vyakula, na amechagua mahindi yawe ya kwanza: bukari kidogo, ngumi moja, kisha kungoja siku tano bila kuongeza kitu kingine kipya. Tumeshapanga nani atapeleka unga.