Kwotabeki Aliyefeli Hakufeli Peke Yake

Kila mwezi wa Aprili timu 32 za ligi ya NFL ya Marekani hugawana vijana waliong'ara katika mpira wa vyuo vikuu, na karibu kila mwaka yupo kwotabeki anayepokewa kama mkombozi. Jezi yake huuzwa kabla hajacheza hata dakika moja. Miaka mitatu baadaye, akishapoteza namba na kuanza kusugua benchi, mashabiki na wachambuzi huwa wameshaafikiana kuhusu kilichomsibu: kalewa sifa, pesa zimempumbaza, hana kichwa cha mpira wa wakubwa, au kule chuoni alikuwa akibebwa na wenzake. Sababu zote hizo zinamhusu yeye. Hakuna hata moja inayoigusa timu iliyompokea.

Hukumu hiyo naipinga, kwa sababu rekodi za ligi yenyewe zinasema vingine.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, tuanze na kazi yenyewe. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulio. Ndani ya kofia yake ngumu mna spika ndogo; kocha anamsomea mbinu itakayochezwa, na saa ya kuanzisha mchezo ikibakiza sekunde 15 sauti inakatwa. Kuanzia hapo yuko peke yake. Anawapanga wenzake kumi, anatazama mabeki wa nyuma wamesimamaje, anakisia nani atamvamia na kutoka upande gani, kisha anaubadilisha ulinzi wake kwa kupaza sauti huku uwanja mzima ukimzomea ili asisikike. Mpira ukitua mikononi ana kama sekunde mbili na nusu. Anarudi nyuma hatua tano, macho yanapita kwa mpokeaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, na pasi nzuri huondoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka. Mmoja tu katika watu watano wa ukuta unaomkinga akizidiwa, kijana analala chini akiwa na mtu wa kilo 120 juu yake.

Chuoni mambo si hivyo. Kwa miaka mingi vyuo vingi vimecheza mfumo ambao kwotabeki anageuza shingo kumtazama kocha pembeni, kocha anausoma ulinzi wa wapinzani, halafu anatoa ishara kwa mikono au mabango. Redio za kofiani ziliruhusiwa kwenye mechi za ngazi ya juu ya vyuo mwaka 2024 tu. Hata uwanja unatofautiana: ile mistari miwili ya katikati inayoamua mpira uanzie wapi imeachana futi 40 vyuoni, ilhali NFL ni futi 18 na nusu, hivyo chuoni mara nyingi upande mmoja unabaki mpana mno kwa mlinzi kuufunika. Basi hata kijana mwenye tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, anafika NFL akiwa mwanafunzi. Swali ni nani anamfundisha, na kwa muda gani.

Tazama Tampa Bay. Steve Young, aliyetoka Chuo Kikuu cha Brigham Young, aliichezea timu ya huko, Buccaneers, mwaka 1985 na 1986. Alianza mechi 19, akashinda 3. Misimu yote miwili timu ilimaliza na ushindi wa mechi 2 na vipigo 14. Viongozi wakaona tatizo ni Young, wakamuuza San Francisco mwaka 1987, na mwaka huohuo wakatumia nafasi ya kwanza kabisa kumchagua Vinny Testaverde wa Chuo Kikuu cha Miami, mshindi wa Heisman. Mwaka 1988 Testaverde alirusha pasi 35 zilizonaswa na wapinzani. Vijana wawili wenye vipaji vikubwa, jezi ileile, balaa lileile.

Na baadaye? Young alikaa nyuma ya kwotabeki Joe Montana miaka minne, akanolewa na kocha Bill Walsh na warithi wake, akawa mchezaji bora wa ligi 1992 na 1994, akarusha tachidauni sita, yaani pasi za kufunga, katika fainali moja ya ligi, Super Bowl, na mwaka 2005 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Testaverde, mwaka 1998 akiwa na Jets ya New York, alishinda mechi 12 kati ya 13 alizoanza. Kama kipaji kilikuwa kimeoza tangu mwanzo, kilifufukaje baada ya kuhama? Naamini kisa hiki kimoja kingetosha kuwafanya watu wawe waangalifu wa maneno, lakini hakikutosha.

Mzizi wa jambo uko kwenye utaratibu wa kuchagua. Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles iliyokuwa ikisota mkiani, ndiye aliyependekeza kwamba timu iliyofanya vibaya zaidi ichague kwanza, na uchaguzi wa kwanza ukafanyika mwaka 1936. Nia ilikuwa njema: matajiri wasikusanye vipaji vyote. Kwa ligi, utaratibu huo una haki ndani yake. Kwa kijana mwenyewe una mtego, maana kadiri alivyo bora ndivyo anavyopelekwa mahali pabovu: ukuta dhaifu, wapokeaji wa kuungaunga, kocha anayehofia kutimuliwa na mmiliki asiye na subira. Halafu tunashangaa.

David Carr wa Fresno State alichaguliwa wa kwanza mwaka 2002 na Houston Texans, timu iliyokuwa ndiyo kwanza inaanzishwa. Texans walikuwa wamemchukua Tony Boselli, mmoja wa walinzi bora wa enzi yake, ili asimame upande wa kushoto wa ukuta na kumkinga Carr mgongoni asikoona. Bega la Boselli lilikuwa limeharibika. Hakuichezea Houston hata mechi moja. Msimu huo Carr aliangushwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ya NFL. Kwa mechi 16, ni karibu mara tano kila wiki. Katika misimu mitano ya Houston aliangushwa mara 249. Wapo wanaosema alikuwa akiushikilia mpira muda mrefu mno, na kuna ukweli. Lakini mtu aliyepigwa namna hiyo akiwa na miaka 23 hujenga mazoea: macho yanaacha kutazama mbele, yanaanza kutafuta pigo linakotokea. Mazoea hayo alifundishwa na timu.

Maumivu mengine hayaonekani kwenye takwimu za kuangushwa. Alex Smith wa Utah alichaguliwa wa kwanza mwaka 2005 na San Francisco 49ers. Msimu wa kwanza alirusha tachidauni 1, na pasi zake 11 zikanaswa. Kocha wa mashambulizi alikuwa Mike McCarthy. Mwaka uliofuata Norv Turner. Kisha Jim Hostler, Mike Martz, Jimmy Raye, Mike Johnson, na mwaka 2011 Greg Roman chini ya kocha mkuu Jim Harbaugh. Kila kocha alikuja na daftari lake la mbinu, na jina la mbinu ileile likabadilika. Ni kama mwanafunzi anayebadilishiwa lugha ya kufundishia kila Januari, kisha anasimangwa kwa kutofaulu mtihani. Watu walimwita mzigo. Harbaugh alipofika, 49ers wakashinda mechi 13 na kupoteza 3 tu, kwotabeki akiwa Smith yuleyule.

Wanaonipinga huwa na jibu moja zito, na sitalikwepa: Peyton Manning na Ryan Leaf. Mwaka 1998 Manning alikwenda Indianapolis Colts akiwa wa kwanza, Leaf akaenda San Diego Chargers akiwa wa pili. Timu zote mbili zilikuwa mbovu. Manning akawa mmoja wa makwotabeki wakubwa kabisa, Leaf akazama. Je, hiyo si tabia?

Kwa sehemu, ndiyo. Leaf mwenyewe amekiri hadharani kiburi chake na uraibu wa dawa uliomfikisha gerezani katika jimbo la Montana, na leo anazungumza na watu kuhusu kupona. Sitamsafisha kuliko anavyojisafisha mwenyewe. Ila tazama msimu ule wa kwanza. Pasi za Manning zilizonaswa zilikuwa 28, rekodi ya mchezaji mgeni, na Colts wakapoteza mechi 13. Angekuwa na timu yenye pupa angewekwa benchi kufikia Novemba. Colts hawakumtoa, wala hawakumfukuza kocha mkuu Jim Mora. Tom Moore, kocha wa mashambulizi aliyefika mwaka huohuo, alibaki naye zaidi ya miaka 10 na mfumo uleule. Howard Mudd, mwalimu wa ukuta, alikaa hadi 2009. Kando yake msimu huo walikuwapo mkimbiaji Marshall Faulk na mpokeaji Marvin Harrison. Msimu wa pili Colts walishinda mechi 13. Leaf kwa upande wake, katika mechi moja dhidi ya Kansas City Septemba 1998 alifikisha pasi 1 kati ya 15, kwa yadi 4, na baada ya mechi sita za msimu kocha mkuu Kevin Gilbride akatimuliwa. Kocha aliyempokea hakumaliza naye hata nusu ya msimu. Manning alikuwa na tabia bora, na pia alikuwa na nyumba bora. Wanaomtumia kama ushahidi huhesabu la kwanza tu.

JaMarcus Russell wa LSU, aliyechaguliwa wa kwanza na Oakland Raiders mwaka 2007, nitamwacha upande wao. Alilaumiwa kwa uzito na kwa kutojiandaa, na sioni sababu ya kubisha. Wapo wanaojiangusha wenyewe. Ninachokataa ni kumfanya Russell kipimo cha wote.

Na hao wanaodai wangeweza kuiona tabia mapema, wana vipimo gani? Kwa miongo kadhaa vijana walipewa mtihani wa Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12, na alama zikivuja watu wakawacheka. Mwaka 2022 NFL iliuondoa. Watafiti Cade Massey na Richard Thaler, waliochunguza uchaguzi wa miaka mingi, walikuta kwamba uwezekano wa mchezaji aliyetangulia kuchaguliwa kumzidi anayemfuata katika nafasi yake ni asilimia 52, zaidi kidogo tu ya kurusha sarafu. Timu zenye skauti, daktari na kompyuta zinakosea hivyo; shabiki aliye kwenye kochi anasoma vipi moyo wa kijana wa miaka 22?

Pesa nazo zilibadilisha mambo, si kwa namna iliyotarajiwa. Mwaka 2010 Sam Bradford alihakikishiwa dola milioni 50 na Rams. Mkataba mpya wa ligi ukashusha malipo ya wageni, na 2011 Cam Newton, naye wa kwanza, akapata kama milioni 22. Ungedhani kijana wa bei nafuu angevumiliwa zaidi. Kilichotokea ni kwamba timu zinataka kuitumia miaka yake ya bei nafuu ingali ipo, hivyo anatupwa uwanjani wiki ya kwanza, na asipotoa matunda haraka wanarudi sokoni. Mkataba huohuo ulipunguza muda wa mazoezi. Anatakiwa kujua mengi zaidi, mapema zaidi, kwa mazoezi machache.

Linganisha na waliopata bahati ya kusubiri. Aaron Rodgers, aliyepitwa hadi nafasi ya 24 mwaka uleule wa Alex Smith, alikaa misimu mitatu nyuma ya Brett Favre. Patrick Mahomes alichaguliwa wa 10 mwaka 2017 na Kansas City Chiefs, timu iliyotoka kushinda mechi 12. Alikaa karibu mwaka mzima akimtazama kwotabeki mzoefu akifanya kazi, na msimu uliofuata akarusha tachidauni 50. Mzoefu huyo alikuwa Alex Smith, yule waliyemwita mzigo.

Sam Darnold aliwekwa uwanjani na Jets akiwa na miaka 21. Oktoba 2019, wakichapwa 33 kwa 0 na New England, kinasa sauti kilimnasa kwenye benchi akisema anaona mizimu. Nchi nzima ikamcheka. Mwaka 2024, akiwa Minnesota chini ya Kevin O'Connell, kocha aliyewahi kuwa kwotabeki mwenyewe, alishinda mechi 14 na kupoteza 3. Mechi mbili za mwisho alizidiwa, na ya mtoano aliangushwa mara tisa. Hilo nalo lipo kwenye rekodi. Hata hivyo mizimu ile haikuwa ndani ya kichwa chake.

Anayenichoma zaidi ni Josh Rosen wa UCLA, aliyechaguliwa wa 10 na Arizona Cardinals mwaka 2018. Kabla ya siku ya kuchaguliwa walimtilia shaka kwa sababu alisema anachofikiri. Oktoba kocha wake wa mashambulizi akafukuzwa. Msimu ulipokwisha kocha mkuu Steve Wilks naye akafukuzwa baada ya mwaka mmoja tu. Aprili iliyofuata timu ikamchagua Kyler Murray wa kwanza, na Rosen akauzwa Miami, timu nyingine iliyokuwa ikijibomoa, ambako alianza mechi tatu. Baada ya hapo alizunguka timu kadhaa akiwa mchezaji wa akiba. Jina lake sasa limo kwenye kila orodha ya makwotabeki waliofeli, na wanaoliweka humo hawawezi kutaja msimu hata mmoja ambao alicheza kwa kocha wa mashambulizi aliyebaki naye tangu mwanzo hadi mwisho huku timu ikiwa na nia ya kumjenga. Hakupimwa. Aliyepimwa ni Arizona.