Kunguru Hajui Mpaka, Elimu Nayo Isiwekewe Mpaka

Mkaazi wa Unguja aliyewahi kuanika dagaa hahitaji kuelezwa kunguru ni ndege wa namna gani. Mfugaji wa kuku anamjua kwa vifaranga anaowanyakua mchana kweupe, na mkulima anamjua kwa matunda anayoyatoboa kabla hayajaiva. Ndege wadogo tuliokua tukiwasikia mitini wamemjua kwa ukatili zaidi, kwani yeye ndiye mla mayai yao na makinda yao.

Ndege huyu si mwenyeji wetu. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, na waliomleta walikuwa na hoja yao: awasaidie kula taka zilizojaa mjini. Hawakujiuliza atakula nini baada ya taka, wala nani atamzuia akishazaliana. Haikupita miongo mingi, yule aliyeletwa kusafisha akageuka mharibifu wa kuwindwa. Kufikia katikati ya karne ya 20 alikuwa amekwisha kuonekana Mombasa, na leo miji ya mwambao, Dar es Salaam ikiwemo, inalia naye kilio kimoja na sisi.

Tunalitaja jambo hili si kwa kulaumu waliokwisha kupita, bali kwa sababu ndani yake mna somo ambalo hatujalihitimu. Viumbe wageni waharibifu hawashindwi kwa mitego na sumu peke yake. Hushindwa kwanza kwa elimu inayotoka mkono hadi mkono, kutoka nchi moja hadi nyingine, bila ya kufichwa.

Tutazame mfano wa muhogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia Afrika mdudu kidung'ata kutoka Amerika ya Kusini, akaanza kukausha mashamba ya muhogo nchi baada ya nchi. Adui wake wa asili hakuwepo katika bara letu. Wataalamu wa Kolombia na wa Nigeria walishirikiana kumtafuta, na mwaka 1981 akapatikana nchini Paraguay: nyigu mdogo mno, anayetaga mayai yake ndani ya kidung'ata. Alipitishwa Uingereza kwa uchunguzi, asije naye akawa balaa jipya, ndipo akaachiliwa Nigeria, kisha akapelekwa katika nchi nyingi za Afrika. Dk. Hans Herren, mtaalamu kutoka Uswisi aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995. Lau kila nchi ingeliifungia sandukuni habari yake, muhogo wa mamilioni ya watu ungelikauka huku dawa ikiwa hai upande wa pili wa bahari.

Hata huyu kunguru ameonyesha ukweli huo huo. Katika miaka ya 1990 Unguja iliendesha kampeni dhidi yake kwa mitego na kwa sumu iliyobuniwa Marekani kwa ajili ya ndege wengine waharibifu. Maarifa ya ugenini yalitufaa hapa kwetu. Ilijulikana pia kwamba kunguru ni mwerevu, humtambua anayemwinda. Kwa hiyo huzoezwa kwanza nyama isiyo na sumu hata aiamini. Idadi yao ilipungua sana. Lakini fedha za mradi zilipokwisha kazi ilisimama, na ndege akarudi kama aliyekwenda matembezi. Jirani zetu wa Shelisheli, ambao nao waliingiliwa na kunguru katika miaka ya 1970, hawakulegea mpaka walipomwondoa katika miaka ya 1990. Tofauti kati yao na sisi inastahili kusomwa kwa makini.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya wataalamu, na kisiwa kina shida kubwa zaidi. Tunawajibu kwa takwimu. Ripoti ya mwaka 2023 ya jopo la kimataifa la wataalamu wa bioanuwai, IPBES, inaeleza kwamba zaidi ya aina 37,000 za viumbe zimehamishwa na binadamu na kupelekwa kusikokuwa kwao, na zaidi ya 3,500 kati ya hizo ni zenye madhara. Hasara yake kwa mwaka 2019 ilipita dola za Marekani bilioni 423. Na kati ya aina za viumbe zilizotoweka duniani hasa kwa sababu ya wageni hao, asilimia 90 zilitoweka visiwani. Sisi ni watu wa visiwa. Msiba huu una anwani, na anwani yake ni yetu.

Wapo pia maafisa wanaohofu kwamba kutangaza mdudu au ndege mharibifu ni kuwatisha wanunuzi wa mazao na wageni wa hoteli. Hofu hiyo tunaielewa, lakini hatuikubali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mnunuzi atakayegundua mwenyewe kile tulichokificha hatatuamini tena hata siku tutakayosema kweli.

Kwa hiyo tunashauri mambo yafuatayo. Taarifa za kampeni ya miaka ya 1990 zitolewe makabatini, ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, na zifikishwe kwa masheha, walimu na wakulima. Kenya ilitangaza mwaka 2024 mpango wa kupunguza kunguru milioni moja. Wataalamu wetu na wao wapeane hesabu zao, yaliyofaulu na yaliyoshindikana, kwa kuwa kuua upande mmoja wa bahari na kufuga upande wa pili ni kuchota maji kwa pakacha. Kila sheha awe na daftari la kuandika mdudu, mmea au ndege asiyepata kuonekana katika shehia yake, na ofisi inayopokea habari hiyo iwe na wajibu wa kumrudishia mwananchi jawabu. Mvuvi aliyepeleka taarifa mara mbili asijibiwe, mara ya tatu atanyamaza.

Mwisho, tusisahau taka. Kunguru aliletwa kwa ajili ya taka, na ni taka zetu zinazomnenepesha hadi leo. Serikali ikitimiza wajibu wake, nasi wananchi tuufunike wetu.

Elimu ni amana. Aliyepewa akaizuia amemdhulumu jirani yake, na katika jambo hili dhuluma hiyo hurudi kwa mwenyewe ikiwa na mbawa.