Koti ya shirika si diploma ya psikolojia

Wazazi wengi hapa Goma wanataka mtoto asome psikolojia kwa sababu waliona vijana wenye koti za mashirika wakishuka kwenye gari kule Bulengo na Lushagala, wakiitwa "wapsikolojia" na kulipwa kwa dola. Ndugu wasikilizaji, tuseme ukweli: si wote walikuwa wapsikolojia. Mwingine alisoma ualimu, mwingine maendeleo, akapewa mafunzo ya siku tano na karatasi yenye muhuri.

Mafunzo yale si mabaya. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha mwaka 2011, linasema msaada wa kwanza wa kipsikolojia unaweza kutolewa hata na mtu asiye na digrii. Lakini kitabu hicho hicho kinasema kazi hiyo si matibabu. Sasa mama aliyebakwa njiani akikimbia Masisi anaeleza mateso yake kwa kijana huyu, mwezi ujao kwa mwingine, kisha mradi unaisha na hakuna anayerudi. Huko ni kufungua kidonda na kwenda zako.

Wengine watanijibu kwamba utafiti uliotolewa mwaka 2013 hapa Kivu ulionyesha wasaidizi wasio na digrii wakiwaponya wanawake waliobakwa, katika vikundi. Ni kweli! Ila wale walifundishwa vizuri na kusimamiwa muda wote. Usimamizi ndio mashirika mengi yanasahau kulipia.

Juu ya kazi yenyewe: mwezi wa kwanza 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, vita ikaingia muji huo mwezi, na mwezi wa pili kambi zikavunjwa. Ajira zilianguka pamoja na hema.

Kijana mwenye kupenda psikolojia asome, lakini ajue: lisansi ni miaka 3, masta ni 2, na lisansi peke yake haimfanyi mtu wa kutibu. Kuna pia kazi ya kushauri wanafunzi shuleni. Mshahara ni mdogo, lakini shule haifungwi kama mradi. Kabla ya kulipa minervali, uliza chuo: staji inafanyika wapi? Ni Tulizo Letu, pamoja na wagonjwa, ao ni kuandika ripoti tu? Nani anasimamia? Wakikosa jibu, tafuta chuo kingine.

Na nyinyi mashirika, kabla ya kupeleka mtu kusikiliza mama zetu, andikeni kwenye mkataba wake nani anamsimamia, na nani atabaki na wale mama siku mradi unafungwa.