Kona ya Maneno: Kiingereza cha mfuko wa unga

Wamama na wadada wapendwa, wiki hii msitupe mfuko wa unga. Mifuko mingi ya kilo 25 tunayopikia bukari hapa Kenya imetoka Zambia ikapita Kasumbalesa, na juu yake kumeandikwa neno kubwa: BREAKFAST. Tunalikalia, tunalikata kufungia makala, na pembeni kuna mtoto wa sekondari anayelalamika kwamba hana kitabu cha Kiingereza.

Mpe kazi hii. Neno hilo lina herufi tisa. Atafute maneno ya Kiingereza ya herufi tano, na kila neno liwe na K ndani yake. Herufi haitumiki zaidi ya mara inavyoonekana kwenye mfuko: A mara mbili, nyingine zote mara moja tu.

Watoto wetu wengi wanaanzia mahali pagumu. Maneno ya Kiswahili chetu yanaishia kwa vokali, kwa hiyo jicho la mtoto linakimbilia A kuiweka mwisho, halafu anakaa hapo nusu saa. Kiingereza hakiogopi kufunga neno kwa konsonanti. Basi aanzie nyuma. Aweke K mwisho: atapata BREAK, kuvunja. Akiiweka K mwisho tena, kuna STEAK, kipande cha nyama. Halafu aweke E mwisho, ile E isiyotamkwa: BRAKE, breki ya gari, na SKATE, na STAKE. Halafu ER, ambayo mara nyingi inamtaja mtu kwa kazi yake: BAKER, mtu wa kuchoma mikate. Mwisho ajaribu S: TAKES, BAKES. Hayo ni manane, na bado yapo mengine.

Tazameni BREAK na BRAKE. Herufi ni zilezile, na hata kwa sikio yanasikika sawa. Mtoto aliyezipanga kwa mkono wake mwenyewe hatazichanganya kirahisi kama yule aliyezinakili tu ubaoni. Ndiyo maana napenda mchezo huu kuliko orodha ndefu za maneno ya kukariri.

Kifaransa nacho kinawategea watoto. Nilipotoa mchezo huu kwa herufi nne, kijana mmoja aliandika BRAS akijua ni mkono, kama kwa Kifaransa. Neno hilo lipo kwa Kiingereza pia, lakini maana yake ni zile sidiria tunazochagua sokoni. Kelasi nzima ilicheka, na sidhani kuna aliyelisahau. SABRE ni upanga kwa lugha zote mbili, kwa hiyo si kila mara tunategwa.

Wanaocheza Scrabble wanaijua tofauti hii vizuri. Mmarekani Alfred Butts, aliyeubuni mchezo huo katika miaka ya 1930, alihesabu herufi kwenye magazeti ili ajue zipi zinatumika sana. Ndiyo sababu kila lugha ina hesabu yake. Kwenye Scrabble ya Kifaransa herufi K ina pointi 10, kwa sababu ni adimu. Kwenye ya Kiingereza ina pointi 5. W na Y kwa Kifaransa zina 10 kila moja, kwa Kiingereza 4. Mtoto wa Lubumbashi amekua na K, W na Y kinywani tangu anyonye, kwa hiyo hazimtishi.

Mwaka 2015 Mnaijeria Wellington Jighere alikuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza kule Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufika hapo. Mwaka huohuo, Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Kifaransa kule Louvain, Ubelgiji, bila kujua kuzungumza Kifaransa. Alikuwa ameyakariri maneno tu. Fainali alimshinda Schélick Ilagou Rekawe wa Gabon. Watu walishangaa sana. Mimi, niseme kweli, ningemtaka mtoto wangu afanane na Mgabon. Neno bila maana linafaa kwenye ubao wa mchezo, lakini halimsaidii mtu depoo.

Na depoo ndipo pesa zinapopotea. Mama mmoja wa chama alilipia mifuko kwa bei ya BREAKFAST, wakampakilia ROLLER. Unga wa ROLLER una pumba zaidi na bei yake iko chini. Aligundua nyumbani, mwanawe alipomsomea mfuko. Hakuna aliyemrudishia kitu. Maneno yote mawili anayajua kwa sikio, ila hakuwa amezoea kuyatazama yameandikwa. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, karatasi za Kiingereza mpakani hazitapungua, na wanaovuka kutafuta bidhaa wengi ni sisi.

Kwa walio mwaka wa mwisho, wanaojitayarisha kwa Exetat, ongezeni saa. Dakika tano, kaye na biki, kila mtu na karatasi yake, halafu msomeane. Neno ambalo mwenzako naye ameliandika halihesabiwi. Anayeandika neno lazima aseme maana yake, la sivyo linafutwa. Mama asiyejua Kiingereza anaweza kuwa mwamuzi kabisa: yeye anahesabu herufi, anatazama kama ziko kwenye mfuko, na anauliza, "Maana yake nini?" Mkiwa na kamusi, hata iliyopasuka jalada, iwe karibu. Moto ukikatika, mshumaa mmoja unatosha watu wanne.

Kazi ya wiki hii ni jina KASUMBALESA. Herufi ni kumi na moja: A ziko tatu, S mbili. Natafuta maneno ya Kiingereza ya herufi tano yenye K. Nimeshapata sita, na moja ni mahali penye maji mengi, kwa wingi. Leteni karatasi zenu kwenye mkutano.