Shamba la Nyabiondo si Akiba ya Benki

Ndugu mwandishi mmoja anatushauri tununue hekta za ardhi Nyabiondo, eneo la Masisi mashariki mwa Kongo, na kuziacha zipande bei, kwa kuwa ardhi haiozi. Kweli haiozi; kinachooza ni amani juu yake.

Sheria ya nchi ya Julai 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali: mnunuzi hupata haki ya kuitumia tu. Mashamba ya kimila yakaachiwa amri ya Rais iliyosubiriwa miongo mingi.

Wakubwa waligawiwa mashamba ya wakoloni Masisi. Mengi yakawa malisho ya ng'ombe, wakulima wakakosa pa kulima. Kinyongo hicho kilichangia vita vilivyoanza Ntoto, Walikale, Machi 1993.

Shamba lililofungwa humnyima jirani muhogo. Mwenye fedha na alime pamoja na wenyeji.